Mfuko wa Ovaroli

Hodi ilipopigwa Jumapili ile mchana, Kasuku alijua ni nani kabla hata hajafungua. Watu wa jengo lile waligonga milango kwa ngumi, kama wana kesi na mlango wenyewe. Huyu aligonga kwa kidole kimoja, mara moja tu, halafu akanyamaza akingoja, kama mtu aliyekuja kuazima chumvi na anaona haya.

"Fungua basi, mwanangu," mama alisema kutoka kwenye cherehani. "Mgeni haachwi mlangoni."

Mama alikuwa ameshavua miwani na kuificha chini ya vitambaa. Tena alikuwa amepitisha kiganja kwenye nywele, upesi upesi, akidhani hakuna anayemwona. Kasuku aliyaona yote mawili. Msichana wa miaka kumi na saba anayemlinda mama yake hapitwi na kitu.

Akafungua. Fundi Lifti alikuwa amesimama pale, na leo hakuvaa ovaroli. Alivaa koti la kutokea, mabega yamelowa manyunyu, na miguuni pake kulikuwa na begi la safari.

"Habari za mchana," alisema kwa lugha ya wenyeji, ambayo ndiyo pekee aliyoijua. "Mama yupo?"

"Yupo," Kasuku alimjibu kwa lugha hiyohiyo, "lakini ana kazi."

"Anasemaje?" mama aliuliza kwa lugha ya nyumbani.

"Anauliza kama upo."

"Sasa si ananiona! Wewe mtoto wewe, mkaribishe mtu. Karibu, Fundi! Pita ndani."

Akapita. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, kimegawanywa na pazia: huku kitanda, huku cherehani na meza ya chakula ambayo pia ilikuwa meza ya kukatia nguo. Dirisha lilitazamana na ukuta wa jengo la pili, na kwa wingu la siku ile taa ilikuwa imewashwa tangu asubuhi. Fundi alivua koti lake lililolowa, akatafuta pa kulitundika. Nyuma ya mlango kulikuwa na msumari mmoja, na kwenye msumari huo lilining'inia koti la marehemu baba yake Kasuku. Fundi aliliangalia. Hakuligusa wala hakulisogeza. Akaketi na koti lake bichi mapajani, likimlowesha suruali.

Kasuku alimchukia zaidi kwa adabu ile. Mtu mbaya unamchukia bila kujitaabisha, lakini huyu hakumpa hata nafasi.

Tangu wafike katika nchi ile ya watu, mama hakuwahi kuipata lugha yake. Si kwamba alikuwa mzito wa akili. Alifanya kazi kwenye meza ya nyuma katika duka la dobi, akirekebisha nguo za wateja, na maneno aliyoyahitaji pale yangeenea kwenye kiganja: fupi, refu, kesho, bado, tayari, rudi, na "huyu kwanza" wateja wanapogombania zamu. Na "fundi", bila shaka. Kwa maneno hayo aliendesha siku zake. Mengine yote alimwachia binti.

Jina la Kasuku alilibandika baba, mwaka ule wa kwanza, alipomkuta mtoto anakula huku akiigiza matangazo ya kituo cha mabasi neno kwa neno, mpaka na kile kikohozi cha mtangazaji. Baba alicheka mpaka akapaliwa. Toka hapo Kasuku ndiye aliyesema na mwenye nyumba, ndiye aliyesema na watu wa umeme, ndiye aliyesema kule zahanati. Mara ngapi aliombewa ruhusa darasani akamsemee mama mahali fulani, akarudi akakuta somo limekwisha na ubao umefutwa. Watu walimsifu, eti mtoto ana kipaji. Hakuna aliyemuuliza Kasuku mwenyewe ana lipi la kusema.

Na ni Kasuku aliyesimama katikati ya daktari na mama siku ile baba alipozidiwa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Daktari alimwangalia, akasita, akauliza kama hakuna mtu mzima wa kuongea naye. Hakukuwa na mtu mzima anayejua lugha. Basi daktari akasema, na Kasuku akamgeukia mama yake akamwambia taratibu, bila kuongeza wala kupunguza: baba hatapona, siku zake zimebaki chache. Mama aliangua kilio, akaukimbilia ukuta. Jirani waliyekuja naye akamfuata, akamkumbatia, kisha akamgeukia mtoto na kusema, "Nenda kamletee mama maji." Kasuku akaenda kutafuta maji. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakusema kama haumii.

Miaka ikapita, ndipo akatokea huyu. Lifti ya jengo lao ilikuwa na tabia za mgonjwa anayependa kutembelewa, leo nzima, kesho taabani, kwa hiyo fundi wake alikuwa haishi kuonekana. Alimkuta mama kwenye ngazi na furushi la nguo kichwani, akampokea bila kuuliza, akapanda nalo mpaka juu. Baada ya hapo akaanza kuleta ovaroli yake kwa dobi. Mfuko wa kulia umechanika. Mama akaushona. Wiki iliyofuata, mfuko uleule. Kasuku, aliyepitia dukani akitoka shule, ndiye aliyewasalimianisha. Anauliza umeamkaje. Mwambie salama, yeye je? Anasema salama. Mwambie basi vizuri.

Mwanzoni aliona ni mchezo, hata akawacheka moyoni, watu wazima wawili wanaotafuta neno kama wanaotafuta sindano kwenye zulia. Mpaka siku moja Fundi aliposema kitu, na mama akacheka kabla Kasuku hajafungua mdomo. Mama hakuwa amecheka hivyo tangu msiba. Tangu siku ile Kasuku alianza kupunguza. Fundi akisema, "Mwambie leo amependeza," yeye husema, "Anasema leo kuna baridi." Na mama huitikia, "Kweli, kuna baridi," huku uso wake unasema mambo mengine kabisa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, mpaka Jumapili hii.

Mama aliweka chai mezani. Fundi alilishika birika kumsaidia, mama akamkatalia, wakaliachia wote wawili kwa pamoja, kidogo liwamwagikie. Wakacheka. Kasuku hakucheka.

"Mwambie mama," Fundi alianza, "kwamba nimehamishwa. Kampuni imenipeleka mji mwingine, mbali sana. Basi linaondoka leo jioni."

Hili Kasuku hakulipunguza. Alilitoa lote, na alipolitoa alisikia kifua kimefunguka.

"Anasema amehamishwa kikazi, mama. Mji wa mbali. Anaondoka leo jioni."

Mkono wa mama ulibaki juu ya kikombe.

"Leo? Leo hii?"

"Leo hii."

Mama alisukuma sukari upande wa mgeni, akaivuta tena, akasahau amekusudia nini. Fundi aliona. Akaliweka koti lake sakafuni, akasogea mbele ya kiti, na alipoanza kusema hakumwangalia Kasuku hata mara moja. Alimwangalia mama.

"Mwambie mimi ni mtu wa mashine, maneno yananishinda. Lakini mwambie tangu nimjue, nikirudi kwangu jioni naona nyumba ni tupu. Zamani ilikuwa tupu vilevile ila sikuwa naona. Akisema nibaki, naacha kazi hiyo nabaki, mikono bado ninayo. Akisema nitangulie, nitatangulia nitafute nyumba, na chumba kimoja kitakuwa chako wewe, chenye mlango wako mwenyewe. Mwambie sitaki kukaa mahali pa mwenye koti lile. Pale ni pake. Ila nataka kumuoa mama yako, kama ataniona nafaa, na kama wewe utaniruhusu."

Alimaliza, jasho limemtoka juu ya mdomo. Akajifuta na mkono wa shati.

Mama akageuka kwa binti yake. Macho yake yalikuwa makubwa, kama ya mtu aliyeitwa na hajui kama ameitwa kwa heri au kwa shari.

"Anasemaje?"

Kasuku akafungua kinywa. Maneno yalikuwepo, yote, hakusahau hata moja. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake, kwamba hakuwahi kusahau maneno ya mtu. Aliyasikia yamefika nyuma ya meno, na mahali palepale nyuma ya meno akayakuta yale mengine, ya daktari, hayajaondoka tangu siku ile. Akaona hawezi. Yakitoka haya, yatayafukia yale, na baba atakuwa amekufa mara mbili, zote kwa ulimi wake.

"Anasema asante kwa kumshonea vizuri," alisema. "Anatutakia maisha mema."

Mama alimwangalia.

"Hayo tu?"

"Hayo tu, mama."

Mvua iligonga dirisha. Mama aliinamisha uso, akaanza kukunja kona ya kitambaa cha meza, akaikunjua.

"Mwambie," alisema polepole, "mwambie nimeizoea hodi yake. Mwambie zile ngazi sasa zitakuwa ndefu. Mwambie nilikuwa nangoja siku moja aseme neno, hata moja... Hapana, hilo usimwambie, atanionaje. Au mwambie. Mwambie tu, mwanangu. Mtu anaondoka."

Kasuku akamgeukia Fundi.

"Mama anakutakia safari njema."

"Amesema maneno mengi," Fundi alisema.

"Lugha yetu ndivyo ilivyo. Ina maneno mengi."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa ubovu wa mashine asiyoijua. Akainuka. Akasema neno moja ambalo halikuhitaji mkalimani, "Ovaroli," na mama akainuka naye, akaichukua kwenye rafu ikiwa imekunjwa, akaifunga kwenye karatasi. Ilifungwa kwa muda mrefu kuliko nguo nyingine yoyote aliyowahi kuifunga. Alipompa, mikono yao ilikutana juu ya karatasi, na kwa muda hakuna aliyeachia.

"Asante, Fundi," alisema mwanamume yule kumwambia fundi wake wa nguo.

"Asante, Fundi," alisema mama.

Mgeni akavaa koti lake bichi, akachukua begi, akatoka. Mama alibaki amesimama mlangoni akisikiliza viatu vinavyoshuka. Aliposikia vimefika chini kabisa, alifunga mlango, akaegemea pale kwenye koti la marehemu, bila kugeuka.

"Kaa hapo," alisema.

"Nina kazi ya shule..."

"Nimesema kaa."

Kasuku akakaa. Mama alikuja akavuta kiti mbele yake, magoti yakakaribia kugusana.

"Mimi ni fundi, mwanangu. Mtu akiniletea kitambaa cha gauni, akarudi akakuta nimemshonea leso, ana haki ya kuuliza kingine kiko wapi. Yule bwana ameongea mpaka ametoka jasho. Wewe umeniletea leso. Kingine kiko wapi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Kasuku."

"Ndivyo alivyosema, mama! Na hata hivyo Mjomba alishakwambia kwenye simu, mjane hutulia. Alisema watu watatucheka."

"Mjomba wako yuko mbali. Hajapanda ngazi hizi na furushi hata siku moja, wala hao watu wa kucheka hawajapanda." Mama alivuta pumzi. "Leo lifti ni nzima. Ameitengeneza mwenyewe juzi, nimemwona. Lakini ameshuka kwa ngazi, tena pole pole. Unajua kwa nini? Mtu anayetaka kuitwa hashuki kwa lifti."

Kasuku aliangalia sakafu.

"Halafu ule mfuko," mama aliendelea. "Wewe unadhani mimi na yeye tulikuwa tunangoja kinywa chako tu. Mfuko wa ovaroli hauchaniki kila wiki palepale. Nilijua tangu mara ya pili. Uzi ulikuwa umekatwa kwa wembe, mshono mmoja mmoja, kitambaa hakijaguswa hata uzi mmoja. Mtu mzima ameketi kwake usiku anafumua nguo yake mwenyewe ili apate ya kuleta. Huyo anasema nini? Nani hajui anasema nini?"

"Kwa nini basi hukumjibu?"

"Nilimjibu." Mama akaona haya, na haya ile ikamfanya msichana kwa kitambo. "Nilianza kumshonea kwa uzi wa bandi. Ule wa kushikizia tu, ukivuta unatoka wote. Nikaona asijikate vidole bure na wembe."

Miezi yote ile Kasuku alijiona yeye ndiye daraja, kwamba hakipiti kitu asichokipenda. Kumbe walikuwa wakipitia chini, wenyewe kwa wenyewe, mfukoni.

"Sasa niambie alichosema leo," mama alisema. "Lile la leo halikuwa la mfuko. Nimeuona uso wake."

"Sisemi."

"Utasema."

"Sisemi!" Kasuku aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mtafute mwingine akusemee! Mimi baba alifia kinywani mwangu, mama. Mimi ndiye niliyekwambia. Nilikuwa mtoto, na niliyasema vizuri, sikukosea hata neno, ukakimbilia ukuta ukaniacha nimesimama na daktari. Nikatumwa maji! Wote mlishikana, mimi nikatumwa maji! Hujawahi kuniuliza, mpaka leo hujawahi. Na leo kinywa hikihiki kikwambie anataka kukuoa? Nikuambie mimi? Mimi?"

Ulimi hauna mfupa. Lilikuwa limeshatoka. Kasuku alijiziba mdomo kwa mikono miwili, lakini mtu haziki neno lililokwisha kuzaliwa.

"Kumbe amesema hivyo," mama alisema, kwa sauti ndogo.

Kasuku alingoja mama akimbilie mlango. Alingoja afurahi, au ampige. Mama hakufanya lolote kati ya hayo. Aliinama akakiinua kiti, akakisimamisha, kisha yeye mwenyewe akaketi sakafuni miguuni pa binti yake, kama anavyoketi akipima urefu wa gauni la mteja.

"Mwalimu wako aliponiita shuleni," alisema, "alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikakuuliza anasemaje. Ukaniambia anasema una bidii. Mwalimu anayemsifu mtoto hamshiki mama yake mkono kama wamefiwa. Nilijua umekata. Nikanyamaza, kwa sababu niliogopa kipande ulichobaki nacho kina nini." Akapangusa uso. "Hilo ni kosa langu, si lako. Alisema nini?"

"Kwamba sisemi darasani," Kasuku alijibu. "Kwamba wakati wa mapumziko najifungia chooni mpaka kengele."

"Na ni kweli?"

"Ni kweli."

Mama aliuweka mkono wake juu ya mguu wa Kasuku na kuuacha pale. Nje mvua ilikuwa imeongezeka, na mahali fulani mtaa wa pili, kituoni, abiria walikuwa wanapakia mizigo. Kasuku alilifikiria begi lile na koti lile bichi. Aliiona hasira yake imekwisha, na chini yake hakukuwa na ushindi. Kulikuwa na mtu mmoja aliyeshuka ngazi polepole, na hakuna aliyemwita.

"Bado hajaondoka," alisema. "Nikikimbia nitamkuta. Nitamwambia yote, mama, neno kwa neno. Nayakumbuka."

"Najua unayakumbuka. Hapana. Leo hutumwi."

Mama aliinuka, akaenda mlangoni. Kwenye msumari ule akalitungua koti la marehemu, ambalo tangu msiba hakuna aliyelitoa pale ila kwa kulipangusa vumbi. Akalikung'uta mara moja.

"Vaa. Kuna mvua."

"Hili la baba?"

"Vaa, mwanangu. Si lilikuwa la kukinga mvua?"

Mikono ya koti ilimzidi Kasuku. Mama akaikunja mara mbili, kwa vidole vya mtu wa kazi. Walishuka kwa lifti, na lifti, kwa jinsi ilivyotengenezwa, haikunung'unika hata kidogo.

Fundi walimkuta kwenye foleni ya basi, begi chini, kifurushi kwapani. Alipomwona mama bila mwavuli, nywele zimelowa, alitoka kwenye foleni na kupoteza nafasi yake. Alimwangalia Kasuku kwanza, kwa mazoea, kama watu wanavyomwangalia anayeshika ufunguo.

"Usiseme kitu," mama alimwambia Kasuku. Si kwa ukali.

Kisha akakichukua kifurushi kutoka kwapani mwa mwanamume yule, akachana karatasi aliyoifunga mwenyewe, akaikunjua ovaroli mbele ya watu wote. Akautafuta mfuko wa kulia. Akaipata ncha ya uzi, akavuta mara moja, na mshono wote ukatoka kama ulivyokusudiwa kutoka. Mfuko ukaning'inia.

Akamwonyesha.

"Bado," alisema kwa lugha ya wenyeji. Alilisema kama anavyolisema dukani kila siku. "Bado. Si tayari."

Fundi aliuangalia mfuko. Aliuangalia uzi mweupe mkononi mwa mama, uzi ambao hata fundi wa mashine angejua si wa kudumu. Kitu kikamfikia usoni taratibu, na Kasuku, aliyesimama hatua chache nyuma na mikono ya koti imemfunika vidole, alikiona kikifika.

"Rudi," mama alisema.

"Lini?"

Neno hilo mama alilijua. Kila mteja huliuliza. Na siku zote alikuwa na jibu lake, kesho, hata pale alipojua kesho haiwezekani. Leo hakulisema. Aligeuka nyuma, akamvuta Kasuku kwa mkono wa koti, akamleta mbele yake, akamwekea viganja mabegani.

"Huyu kwanza," alisema.

Kasuku alisubiri Fundi akunje uso, hata kidogo tu, apate cha kumlaumu. Fundi aliliangalia koti, akamwangalia aliyelivaa. Akainamisha kichwa, si kwa mama, kwa Kasuku. Hakuuliza tena.

Alipanda basi akiwa wa mwisho katika foleni, begi mkononi na bila ovaroli, na kwa sababu ya kupoteza nafasi yake alisimama katikati badala ya kukaa. Kioo kilikuwa na ukungu. Aliupangusa, ukarudi. Basi likaondoka na taa zake nyekundu, likakata kona, na mama aliendelea kuitazama kona hiyo baada ya kuwa hakuna kitu. Huenda angerudi. Mji ule ulikuwa mbali, na wanaume waaminifu wengi zaidi wamesombwa na umbali kuliko na wanawake wengine. Mama alilijua hilo na hakujidanganya. Machozi yalimtoka pamoja na mvua, naye hakuyafuta.

Waliketi kwenye benchi la kituo, ovaroli mapajani mwa mama, mfuko wake umelegea juu. Kipaza sauti kikatangaza basi jingine, kwa sauti ileile ya zamani, na kikohozi kilekile.

"Niambie siku ile ya hospitali," mama alisema. "Usinitafsirie daktari. Ya daktari niliyasikia. Niambie ya kwako."

Kasuku akafungua kinywa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakukuta neno hata moja limepangwa tayari nyuma ya meno. Alijaribu. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Akaona aibu, yeye anayesema kwa ajili ya kila mtu.

"Bado, mama," alisema mwishowe.

"Haya," mama alisema. "Nitarudi kuuliza."

Akamsogelea kwenye benchi, akampitisha mkono juu ya lile koti lililomzidi ukubwa. Ndipo Kasuku akalia, kilio cha mtoto wa miaka kumi na mitatu, na safari hii hakuna aliyemtuma maji.